Vichaka na miti ya maua inayostahimili joto katika bustani za Njombe na Makambako

Vichaka na miti ya maua inayostahimili joto ni mimea ya mapambo yenye shina gumu ambayo huendelea kukua na kuchanua mahali penye jua kali na mvua chache. Katika Afrika ya Mashariki inayojulikana zaidi ni bogenvilia, mkrismasi, mjakaranda, msanapichi, haibiskasi, oleanda, tekoma na poinsetia. Sehemu kubwa ya mimea hiyo ililetwa kutoka Amerika ya Kusini, Meksiko, Madagaska, Asia na nchi za Mediteranea, ikaenea kwanza pwani na kwenye miji ya nyanda za chini.

Makala hii inahusu mimea hiyo inapopandwa nyumbani katika miji ya Njombe na Makambako, mkoani Njombe, kusini mwa Tanzania. Huko mche uliostawi vizuri Dar es Salaam au Morogoro mara nyingi hufa kabla ya kumaliza mwaka wake wa kwanza, na mwenye bustani hudhani ameuziwa mche mbovu. Kwa kawaida mche haukuwa na kasoro. Kustahimili joto ni jambo moja, kustahimili baridi ni jambo jingine, na mkoa huu unadai yote mawili katika mwaka mmoja.

Mahali na majira

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Iringa. Mji wa Njombe uko karibu na latitudo 9° kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko takriban kilomita 60 upande wa kaskazini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,650 hadi 1,700. Ni njiapanda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inakutana hapo na ile ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina kituo chake. Kwa sababu hiyo miche ya kila aina hufika Makambako kwa urahisi, ikiwa juu ya malori na mabasi, kutoka kwenye vitalu vya mikoa ya joto.

Halijoto hupungua kwa takriban 0.6°C kwa kila mita 100 za kupanda. Hesabu hiyo, ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe, inaonyesha kwamba Njombe ni baridi kuliko Dar es Salaam kwa takriban 12°C, na kwamba kati ya Makambako na Njombe kuna tofauti ya karibu 2°C. Nyuzi mbili ni kitu kidogo kwa mtu mwenye koti. Kwa msanapichi ni tofauti kati ya kuishi na kufa.

Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati mwingine ikiingia Mei. Kisha huja kipupwe, Juni hadi Agosti, kukiwa na mawingu na manyunyu siku nyingine na anga safi siku nyingine. Septemba na Oktoba jua huwa kali, hewa ni kavu na udongo umekauka kabisa. Hata hivyo katika miezi hiyo mji wa Njombe haufiki 30°C kwa kawaida. Kinachochoma mimea wakati huo ni ukavu pamoja na ukali wa jua la mahali pa juu, kuliko joto la hewa lenyewe.

Makambako ina jambo lake la ziada, nalo ni upepo. Hutajwa pamoja na Singida kila panapojadiliwa umeme wa upepo nchini Tanzania. Upepo huo, unaovuma sana katika miezi ya kiangazi, hukausha majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapelekea maji, na huvunja matawi ya miti yenye mbao laini.

Mmea hustahimili joto kwa njia gani

Jani lililo juani hupata joto kuliko hewa inayolizunguka. Mimea mingi hujipoza kwa kutoa mvuke wa maji kupitia matundu madogo sana ya majani yanayoitwa stomata, kama vile mtu anavyopozwa na jasho. Lakini jasho linahitaji maji. Maji yakikosekana udongoni, matundu hufungwa, jani huendelea kupata joto, na protini zilizomo ndani ya seli huanza kuharibika.

Mimea ya nchi za joto ina mbinu mbalimbali za kukabili hali hiyo. Mjakaranda na mkrismasi ina majani yaliyogawanyika kuwa vijani vidogo vingi, ambavyo hupitisha hewa na kupoa upesi. Oleanda ina jani gumu lenye nta, na stomata zake zimefichwa ndani ya vishimo upande wa chini. Msanapichi huhifadhi maji ndani ya matawi yake manene na kupukutisha majani yote wakati wa ukame. Bogenvilia hupunguza majani na kuongeza maua. Mwamba-ngoma, mti wa asili wa nyanda za juu, huchanua ukiwa uchi kabisa, bila jani hata moja la kumpotezea maji.

Tofauti kati ya kustahimili joto na kustahimili ukame inafaa kushikwa vizuri. Haibiskasi haina shida na joto la pwani, lakini inataka maji mara kwa mara. Ikipandwa Makambako na kuachwa bila maji kuanzia Julai, hudondosha machipukizi ya maua kabla hayajafunguka.

Kuhusu baridi, chanzo cha tatizo kimo katika utando unaozunguka kila seli. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na mafuta ya mimea ya nchi za joto huganda mapema. Mfano ulio karibu ni chupa ya mafuta ya nazi. Dar es Salaam mafuta hayo ni maji, kwa sababu huyeyuka kwenye takriban 24°C. Ukiyapeleka Njombe huwa magumu na lazima uianike chupa juani kabla ya kujipaka. Kitu kinachofanana na hicho hutokea katika seli za mmea wa pwani: utando hukakamaa, hupoteza uwezo wa kuchuja kinachoingia na kutoka, na jani huonyesha madoa meusi ingawa hakuna barafu iliyoonekana. Mimea ya aina hiyo huumia hata kwenye 5°C au 8°C, ikiwa baridi itadumu usiku baada ya usiku.

Jalidi na umbo la kiwanja

Jalidi ni umande ulioganda. Wenyeji wengi huiita tu barafu. Hutokea hasa Juni na Julai, usiku usio na mawingu wala upepo, wakati ardhi inapopoteza joto lake kuelekea angani bila kizuizi. Hewa inayogusa ardhi hupoa, huwa nzito na kutiririka polepole kufuata mteremko, kama maji, hadi bondeni. Ndiyo maana viazi na mboga za vinyungu huungua huku migomba iliyo karibu na nyumba mtelemkoni juu yake ikinusurika.

Ufahamu huu una faida kubwa kuliko dawa au mbolea yoyote. Mwenye kiwanja kilicho katikati ya mteremko anaweza kujaribu mimea ambayo jirani yake wa bondeni hapaswi hata kuigusa. Vilevile uzio mzito wa miti au ukuta uliojengwa upande wa chini wa kiwanja huzuia hewa baridi isitoke, na bustani hugeuka bwawa la baridi. Kuacha upenyo upande huo, hata wa mita mbili, huiruhusu hewa iendelee na safari yake.

Makambako hupata jalidi kwa nadra kuliko Njombe, kwa sababu ya mwinuko na pia kwa sababu ya upepo, ambao huchanganya hewa baridi ya chini na ile ya juu yenye joto kiasi. Upepo uleule unaochosha mimea mchana huilinda usiku.

Ukuta wa nyumba nao ni mlinzi, lakini si kila ukuta. Kwenye latitudo 9° kusini, jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Saa sita mchana huwa kiasi cha nyuzi 57 juu ya upeo wa macho. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua kipupwe chote, hasa ukiwa wa matofali ya kuchoma, na hutoa joto hilo usiku. Ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini miezi hiyo. Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya na hushauri kinyume chake, yaani kutumia ukuta wa kusini. Kwa Njombe ushauri huo ugeuzwe.

Baadhi ya mimea

Bogenvilia (Bougainvillea) ndiyo yenye mafanikio makubwa kuliko yote. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ilipewa jina la Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769, akiwa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Kinachoitwa ua lake, chenye rangi ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe, kwa hakika ni majani matatu yaliyobadilika. Maua yenyewe ni vijineli vidogo vyeupe vilivyo katikati.

Makambako hustawi bila matatizo makubwa. Njombe mjini hustawi ukutani na mtelemkoni, lakini bondeni ncha zake huungua karibu kila mwaka. Mmea uliokwisha kushika, wenye miaka mitatu au zaidi, huchipua tena kutoka chini ya shina hata baada ya matawi yote kufa. Kwa hiyo kazi ni kuuvusha kipupwe cha kwanza na cha pili.

Huoteshwa kwa vipandikizi vya unene wa penseli hadi kidole gumba, urefu wa sentimita 15 hadi 20, vyenye macho matatu au manne. Katika baridi ya Njombe mizizi hutoka polepole, hivyo ni afadhali vipandikizi viwekwe Novemba au Desemba kuliko mwishoni mwa mvua. Mizizi yake michanga hukatika kwa urahisi sana. Wakati wa kuhamisha, kiriba kichanwe kwa wembe pembeni na donge la udongo literemshwe shimoni likiwa zima. Anayelivuta shina na kulitikisa udongo udondoke ameshaua mche wake. Baadaye mmea hauhitaji kubembelezwa. Bogenvilia inayopewa maji mengi na samadi nyingi hutoa majani mengi na miiba, lakini maua machache. Wanaolalamika kwamba yao haichanui wajaribu kwanza kupunguza maji.

Mkrismasi (Delonix regia) asili yake ni Madagaska. Pwani ya Tanzania huchanua mwishoni mwa mwaka, ndipo ukapata jina lake. Ni mti wa nyanda za chini hasa. Makambako unaweza kukua mahali palipokingwa na upepo, ingawa maua yake hayawi mengi kama ya pwani. Njombe mjini haushauriwi. Mbegu zake ni ngumu na hazioti upesi bila kumwagiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo zipoe kwa siku nzima. Mizizi hutambaa juu juu na kuinua sakafu, kwa hiyo usipandwe karibu na nyumba, karo wala bomba. Mita 8 hadi 10 si nyingi.

Mjakaranda (Jacaranda mimosifolia), kutoka Argentina na Bolivia, ni mti unaofaa zaidi kwa yule anayetaka mti mkubwa wa kivuli na maua. Huchanua Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua, maua ya samawati yenye zambarau yakitangulia majani. Nairobi, ambayo inakaribiana na Makambako kwa mwinuko, inajulikana kwa mti huu, na Pretoria yenye jalidi nyepesi kila mwaka inaitwa kwa jina lake. Mti mkubwa huvumilia baridi kali kuliko mche. Mche mdogo ufunikwe miaka miwili ya kwanza. Mbegu zake, tofauti na za mkrismasi, huota bila matayarisho yoyote.

Poinsetia (Euphorbia pulcherrima) inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu inawachanganya wengi. Asili yake ni Meksiko, na jina linatokana na Joel Roberts Poinsett, mwanadiplomasia wa Marekani huko katika miaka ya 1820. Katika picha na kadi za sikukuu ni ua la Krismasi. Njombe hugeuka nyekundu katikati ya mwaka, na Desemba huwa ya kijani kabisa. Sababu ni kwamba mmea huu huhesabu urefu wa usiku. Unapopata mfululizo wa usiku mrefu, majani ya juu hubadilika rangi. Meksiko usiku mrefu ni wa Desemba. Kusini mwa ikweta ni wa Juni. Katika latitudo ya Njombe tofauti kati ya mchana mfupi na mchana mrefu ni takriban saa moja tu, lakini inatosha. Kwa sababu hiyohiyo tawi lililo karibu na taa ya barazani inayowaka usiku kucha linaweza kubaki kijani huku upande wa pili ukiwa mwekundu.

Bahati mbaya ni kwamba huwa nyekundu katika wakati uleule wa jalidi, na haiwezi jalidi hata kidogo. Ipandwe karibu na ukuta wa kaskazini au chini ya ukingo wa paa. Makambako hustawi vizuri zaidi.

Oleanda (Nerium oleander) hustahimili jua, ukame, upepo na baridi ya wastani. Kwa ustahimilivu tu ingekuwa ya kwanza katika orodha hii. Tatizo lake linaelezwa hapa chini. Tekoma (Tecoma stans), yenye kengele za njano, hukua upesi sana Makambako, na ikiunguzwa na baridi huchipua tena. Haibiskasi (Hibiscus rosa-sinensis) huwezekana Makambako kwenye kinga na maji ya kutosha; Njombe huchakaa kila kipupwe na haikui. Kibobakasi (Spathodea campanulata), mti wa asili wa Afrika ya kitropiki wenye maua mekundu kama miali, una mbao laini zinazovunjika kwa upepo, kwa hiyo Makambako uwekwe mbali na paa na nyaya za umeme.

Msanapichi (Plumeria) na adeniamu (Adenium obesum) zina matawi yaliyojaa maji. Baridi ikiambatana na udongo wenye unyevu, matawi huoza kuanzia ncha kwenda chini. Anayeipenda sana aipande kwenye ndoo au chungu chenye matundu, aiingize barazani Mei na asiimwagilie mpaka Septemba.

Kwa mkazi wa Njombe mjini, hasa wa bondeni, kung'ang'ania mimea ya pwani ni kujipa huzuni ya kila mwaka. Waridi, kamelia na haidranjia hupendeza huko kuliko zinavyoweza kupendeza Dar es Salaam. Kamelia ya maua ni ndugu wa karibu wa chai inayolimwa mkoani, na yote miwili hupenda udongo wenye tindikali. Haidranjia nayo hutoa maua ya bluu kwenye udongo wa namna hiyo, kwa kuwa aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka na kufyonzwa na mizizi. Majivu mengi ya jikoni yakimwagwa shinani mwaka hadi mwaka, maua huelekea kuwa ya waridi.

Kupanda na kutunza

Wakati mzuri wa kupanda ni mvua zinapoanza kushika, mwishoni mwa Novemba hadi Desemba. Mche hupata miezi sita ya kujenga mizizi kabla ya baridi. Ule uliopandwa Machi au Aprili, ingawa udongo bado una maji na mwenye bustani ana nafasi, huikuta Juni ukiwa na mizizi isiyovuka kimo cha kiriba. Miche iliyotoka mikoa ya joto iwekwe kwanza wiki mbili au tatu mahali penye kivuli chepesi, ikizoea hewa ya juu.

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha kwa kichaka. Udongo wa juu utengwe na wa chini, kisha ule wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri na kurudishwa kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, kama vile urea, isitiwe baada ya Machi, maana huchochea machipukizi laini ambayo ndiyo ya kwanza kuuawa na jalidi.

Makambako kinga ya upepo ni sharti kwa miaka miwili ya mwanzo. Kizuizi chenye matundu, kama wigo wa matete au mianzi, hufanya kazi vizuri kuliko ukuta mzima, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka upande wa pili kwa kuzungukazunguka. Mche ufungwe kwenye kijiti kwa kamba laini iliyolegezwa kidogo. Shina linaloyumba kiasi hukomaa haraka.

Maji ya kiangazi ndiyo gharama yenyewe, hasa kwa kaya zinazonunua maji kwa dumu. Lita 10 mara mbili kwa wiki, zikimwagwa polepole katika kisahani cha udongo kuzunguka shina, humfaa mmea mchanga kuliko nusu lita ya kila jioni, ambayo hulowesha vumbi la juu na kufanya mizizi ipande juu kuitafuta. Chupa ya plastiki iliyotobolewa chini na kuzikwa kando ya mche husaidia kupeleka maji chini moja kwa moja. Maji yaliyofulia nguo yanatumika, mradi hayana dawa ya kung'arisha. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya misonobari hupunguza ukavu, lakini yaachwe umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kwa kuwa mchwa hupenda kujificha humo.

Usiku unaotarajiwa kuwa na jalidi, anga likiwa safi na upepo umetulia kuanzia jioni, mche hufunikwa kwa gunia au kitenge kikuukuu kilichowekwa juu ya vijiti hadi kugusa ardhi, ili kunasa joto la udongo. Nailoni inayogusa majani haisaidii. Udongo ulionyeshewa maji mchana hutunza joto zaidi kuliko udongo mkavu. Kifuniko kiondolewe jua likishapanda.

Matawi yaliyoungua yasikatwe mara moja. Majani meusi yanachukiza macho, lakini hukinga macho ya chini dhidi ya jalidi inayofuata, na zaidi ya hapo, Julai hakuna anayeweza kujua tawi limekufa hadi wapi. Mwishoni mwa Agosti au Septemba, chipukizi zinapoonekana, hukwanguliwa gamba kwa ukucha kutoka nchani kwenda chini. Panapoanza ukijani ndipo pa kukata.

Sumu

Baadhi ya mimea hii ni hatari, na jambo hili halisemwi vya kutosha vitaluni. Oleanda ina sumu ya moyo katika jani, ua, shina, mizizi na hata moshi wa kuni zake. Majani machache yanaweza kumuua mbuzi au mtoto mdogo. Hatari huongezeka baada ya kupogoa, kwa sababu mifugo inayoukwepa mmea mbichi kwa uchungu wake hula majani yaliyonyauka au kukauka bila kutambua. Matawi yake yasitupwe penye malisho, yasitumiwe kuchomea nyama wala kukorogea chakula. Katika nyumba yenye watoto wanaotambaa au mbuzi wasiofungwa, ni busara kuiacha kabisa na kupanda tekoma.

Brugmansia, kichaka chenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, hustawi sana kwenye baridi ya Njombe. Ina dawa kali zinazovuruga akili na moyo. Utomvu mweupe wa poinsetia na jamii yake huwasha ngozi na kuumiza macho. Mwenye kupogoa anawe mikono kabla ya kujigusa usoni. Lantana (Lantana camara) huwadhuru ng'ombe na mbuzi ini.

Mtu au mnyama akidhaniwa amekula mmea wa sumu, apelekwe haraka kwenye kituo cha afya au kwa mganga wa mifugo pamoja na tawi la mmea huo ili utambuliwe.

Mimea vamizi

Mmea usiodhurika kwa jua, ukame wala mifugo unaweza pia kutoka bustanini na kwenda zake. Historia ya Tanzania ina mifano. Kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kilipanda mamia ya aina za miti kutoka duniani kote na kutoka sehemu nyingine za Afrika, na baadhi yake imeingia kwenye misitu ya asili. Mkoani Njombe mfano unaoonekana na kila mtu ni muwati (Acacia mearnsii), mti wa Australia wenye maua ya njano hafifu yanayonukia, uliopandwa kwa ajili ya magamba yenye tanini ya kutengenezea ngozi. Kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kwa jina la TANWAT, ilianzishwa Njombe mwaka 1949. Mti huo umewapa watu kazi, kuni na mkaa kwa vizazi kadhaa. Pia huota wenyewe kandokando ya barabara na mito, na umo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi. Lantana na kibobakasi vimo katika orodha hiyohiyo, kibobakasi kwa sababu ya uharibifu wake katika visiwa vya Pasifiki na si katika Afrika, kwao.

Kwa bustani ya nyumbani wa kuangaliwa zaidi ni lantana, tekoma na Senna spectabilis, kichaka kirefu chenye vishada vya njano ambacho kimesumbua Hifadhi ya Milima ya Mahale. Tekoma inaweza kudhibitiwa kwa kukata maganda ya mbegu kabla hayajapasuka. Lantana haifai kupandwa mahali palipo karibu na malisho au msitu.

Mimea ya asili

Nyanda za juu za kusini zina maua yake ambayo hayajawahi kuhitaji gunia la kuyafunika. Uwanda wa Kitulo, uliopo katika mikoa ya Njombe na Mbeya, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mimea mingi ya Kitulo ni ya majani na mizizi kuliko vichaka, na kuichimba hifadhini ni kosa. Lakini nje ya hifadhi, kwenye mashamba na vilima vya kawaida, kuna aina kadhaa zinazofaa bustanini.

Mwamba-ngoma (Erythrina abyssinica) una gamba nene linalostahimili moto wa nyika, na maua yake mekundu huvutia ndege wanaofyonza asali ya maua. Kijiti chake cha unene wa mkono kikichomekwa ardhini mvua zinapoanza huchipua, ndiyo maana hutumika kama nguzo hai ya uzio. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri kwa shanga, ila zina sumu zikipondwa. Protea za porini hukua kwenye udongo maskini wenye tindikali, na hufa zikitiwa mbolea ya fosfati. Dombeya, yenye vishada vyeupe au vya waridi, hupendwa na nyuki. Leonotisi hutoa maua ya chungwa yaliyopangika ghorofa kwa ghorofa juu ya shina moja, na huweza kuonekana ikijiotea kando ya njia mkoani kote. Mbegu za leonotisi hukusanywa vichwa vikishakauka, kwa tahadhari ya miiba yake, na kusiwa Novemba. Wengi huchanua kabla ya kipupwe cha kwanza kwisha.